Maharage ya Bwana Sungura

Kamanda, ndivyo walivyomwita mama mpishi, aliwagawa wateja wa hoteli ile mafungu mawili: wanaojua kula na wanaojaza tumbo. Wanaojua kula walikuwa wachache, aliwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na kidole kikabaki. Wengine wote, wale wanaoshuka kwenye mabasi na vumbi lao hadi kwenye kope, wanakula robo saa huku jicho moja liko kwa dereva, hao hata ungewapikia kamba za viatu wangeomba chumvi tu, basi. Aliwapikia vizuri hata hivyo, maana alikuwa akipikia sifa yake, si matumbo yao. Lakini kulikuwa na fungu la tatu lenye mtu mmoja peke yake, na huyo Kamanda alimwekea msonyo wake maalumu, mrefu, unaoanzia jino la mwisho.

Mtu huyo alikuwa fundi wa lifti. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi alipita pale na mkoba wake wa spana, akienda kukagua lifti za hospitali kuu katika mji wa mbele. Siku ya kwanza, miaka miwili nyuma, alisimama kwenye dirisha la kupakulia na kujieleza kwa adabu za mtu aliyekuja kuposa. Alisema hali nyama, hali kuku, hali samaki, hali mayai, hanywi maziwa, hagusi samli, wala hali chochote kilichopikwa na supu ya hivyo vyote. Kamanda alimtazama kuanzia utosini hadi kwenye viatu. Mwanamume mzima, mabega kama mlango, ndevu zimechongwa vizuri. Akamuuliza kama ni mgonjwa. Fundi akasema hapana, ni mzima wa afya. Akamuuliza kama ni mambo ya dini. Hapana, si dini. Sasa ni nini?

Fundi alieleza kwamba amekulia nyumba ya pili kutoka machinjioni, baba yake akifanya kazi hapo hapo, na utotoni yeye ndiye aliyekuwa akipewa kamba ya ng'ombe ashike. Alipokuwa mtu mzima aliona basi, yeye kamba ameiachia. Ilikuwa mwaka wa kumi na mbili sasa. Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayetaja saizi yake ya viatu, kisha akasubiri.

Kamanda alimwambia hakuna shida kabisa, akae tu, maharage yapo, mchicha upo, wali upo, vyote safi. Akageuka, akampakulia.

Sasa hapo ndipo pa kueleza habari za Bibi. Nyuma kabisa ya jiko, juu ya moto mdogo usiozimwa, lilikaa sufuria kubwa jeusi ambalo Kamanda aliliita Bibi. Kila asubuhi Bibi alilishwa mifupa: magoti ya ng'ombe, kwato, shingo za kuku, chochote ambacho muuza nyama alikuwa anakaribia kuwatupia mbwa. Na kila chakula kilichotoka jikoni mle kilipita kwa Bibi kwanza. Wali ulipikwa kwa maji yake. Maharage yalitiwa upawa mmoja, mchicha nusu upawa, hata mchuzi wa nyanya ulipata kijiko chake. Hakuna aliyejua ila Kamanda mwenyewe na wifi yake, mdogo wa mumewe, aliyekuwa akihudumia mezani. Wateja walipouliza siri ya utamu ule, Kamanda aliwaonyesha kiganja chake cha kulia. Mkono, alisema. Mwingine kapewa sauti, mwingine miguu ya mbio, yeye kapewa mkono.

Na alikuwa akiamini hivyo, hapo ndipo palipo na kichekesho. Mwaka wake wa kwanza wa ndoa, mbele ya ukoo mzima uliokuja kumwangalia bibi harusi, mama mkwe alionja mboga yake, akaitema pembeni, akasema ina ladha ya maji ya kunawia. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Mwezi uliofuata, alipoanza kupika hotelini, Bibi akapandishwa jikoni. Tangu hapo ilikuwa imepita miaka ishirini na mitatu, na ukishasifiwa miaka ishirini na mitatu unasahau nani alianza kuingia jikoni, mkono au mifupa.

Turudi kwa fundi. Alikula polepole, macho yamefumba nusu, akafuta sahani kwa kidole, akaja dirishani kushukuru. Alisema katika safari zake zote hajawahi kula namna ile. Kamanda alimwitikia kwa heshima zote, karibu tena kaka yangu, kisha akamvuta wifi yake nyuma ya mlango wa stoo, na hao wawili wakacheka hadi Kamanda akajitia aproni mdomoni. Hapo hapo wakampa jina: Bwana Sungura.

Basi ikawa mchezo wa kila mwezi. Bwana Sungura akija anasimulia mateso yake ya njiani, maana aliamini amepata rafiki. Hoteli moja, alisema, walimhakikishia chakula hakina nyama, kikaja na kuku, na mhudumu akashangaa: kuku naye ni nyama? Nyingine walimrudishia sahani ile ile baada ya kuziokota nyama kwa vidole, na alama za vidole zikaonekana kwenye wali. Mahali pengine alikula mkate mkavu siku tatu, siku ya nne akapanda ngazi ya shimo la lifti na kichwa kinazunguka. Alikuwa akicheka anaposimulia. Na Kamanda anacheka naye, anampakulia upawa wa pili, anasikitika: watu wengine hawana utu kabisa, jamani.

Kamanda alikwisha kuisimulia hadithi hiyo kwa nusu ya mji, akidai ni maharage ya fundi tu ndiyo anayoyatilia upawa wa supu. Aliyefurahi kuliko wote ni muuza nyama, kwa kuwa mifupa ilikuwa yake. Kila Jumanne ya kwanza alikuwa akituma salamu: mpeni Bwana Sungura majani yake, mwambieni na mimi nampenda. Ilikuwa raha ya namna yake, kumtazama mtu mwenye msimamo akilamba msimamo wake kwenye kijiko. Kamanda hakuwa na chuki naye. Kumchukia mtu ni kumpa uzito. Alimdharau tu, dharau safi, yenye kupumzisha moyo.

Wifi yake ndiye aliyeanza kukosa raha. Siku moja, wakiosha vyombo, alisema yule mtu anawaamini. Kamanda alibetua midomo.

"Anauamini ulimi wake," alisema. "Mimi simo."

Mambo yalianza kubadilika mwenye hoteli, ambaye wote walimwita tajiri, alipojenga hoteli ya pili karibu na stendi mpya. Ilikuwa na jiko kubwa lenye vigae vyeupe hadi kwenye dari, bomba la kutolea moshi, na masinki manne. Kamanda alilitaka jiko lile kama mtu anavyotaka maji baada ya homa. Hakumwambia mtu, lakini mara mbili alishuka njiani akitoka sokoni, akasimama kwenye uzio, akaangalia lile bomba la moshi. Miaka ishirini na mitatu yote hiyo alikuwa amepikia kwenye chumba ambacho ukigeuka na sinia unagonga ukuta. Alistahili. Tatizo ni kwamba tajiri alikuwa na jina jingine mdomoni: binti mmoja aliyesomea upishi chuoni miaka miwili, anayekata karoti nyembamba kama njiti za kiberiti na kuvaa kofia ndefu nyeupe hata akiwa anapika uji. Kamanda alimwita Mwenye Cheti. Alikuwa ameonja mchuzi wake mara moja. Alisema umepikwa vizuri sana na mtu asiyewahi kuwa na njaa.

Tajiri alikuwa bado anasitasita pale ulipoingia ujumbe wa Bwana Sungura. Yule fundi, kumbe, hakuwa akila na kuondoka tu. Alikuwa na chama. Watu wa aina yake, wasiokula cha mnyama, walikuwa na chama chenye katibu na mkutano wa kila mwaka, na yeye kwa miaka miwili alikuwa amewaimbia habari za hoteli ile na mama mmoja mwenye mkono wa ajabu. Sasa wanachama ishirini na wawili walikuwa wanasafiri kwenda mkutanoni, na wameomba wale hapo mchana wa Jumamosi. Wakiridhika, safari zao zote zitapitia hapo, na wageni wao, na wageni wa wageni wao.

Tajiri hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuja jikoni, akasimama katikati ya mlango ili asiguse masizi, akasema Jumamosi hiyo ndiyo itakayoamua. Wageni wakitoka wameridhika, jiko jipya ni la Kamanda. Wakitoka wamenuna, analichukua Mwenye Cheti.

Kamanda aliposikia ni hilo tu, alimwonea tajiri huruma. Sungura ishirini na wawili. Alikuwa amemlisha mmoja miaka miwili bila jasho, wakiongezeka si ni kuongeza maji tu kwa Bibi?

Jumamosi asubuhi, kabla hata ya chai, basi la kwanza lilimshusha mama mmoja mfupi, miwani inaning'inia kwenye uzi shingoni, mkoba wa kufuma mkononi. Alijitambulisha kuwa ndiye katibu wa chama, mkunga mstaafu. Aliomba radhi mara tatu kabla ya kusema shida yake. Wao, alisema, wamedanganywa sehemu nyingi, hivyo wamejiwekea utaratibu: popote wanapokula kwa wingi, mmoja wao anakaa jikoni tangu moto unapowashwa mpaka chakula kinapopakuliwa. Si kwamba wanamshuku mtu, hasa hapa ambapo fundi amepasifia hivyo. Ni utaratibu tu. Kisha akainua uso, akanusa, akauliza lile sufuria la nyuma lina nini.

Kamanda alijibu ni supu ya mifupa, ya wateja wengine. Hakupepesa hata jicho.

Katibu akaomba radhi ya nne. Aliomba lile sufuria litolewe nje hadi watakapomaliza kula, na vyombo vyote vya kupikia visuguliwe upya kwa mchanga na sabuni. Kamanda alimtazama tajiri, aliyemsindikiza mgeni hadi mlangoni, akitegemea atamkatalia. Tajiri alikuwa amekwisha kukunja mikono ya shati. Yeye na wifi walimbeba Bibi, mmoja sikio hili, mwingine sikio lile, wakamweka uani kando ya tangi la maji. Nyuma ya jiko pakabaki duara jeusi ukutani, na ubaridi ambao Kamanda hakuwahi kuusikia pale.

Wifi alimsogelea akijidai anachukua kitunguu. Alinong'ona kwamba katibu akienda msalani, yeye anaweza kuteka kikombe kimoja uani na kukiingiza chini ya aproni. Kikombe tu, nani atajua?

Kamanda alimgeukia kwa jicho ambalo wifi hakulizoea.

"Kwa hiyo hata wewe unadhani ni mifupa inayopika humu?"

Wifi akarudi kwenye vitunguu vyake. Na katibu alikwenda msalani mara mbili asubuhi ile, mara ya pili akakawia sana, na uani kulikuwa na Bibi mzima anafuka moshi, na Kamanda hakunyanyua mguu. Asisifiwe mtu hapa. Hakuona haya ya kudanganya, angedanganya watu mia. Ila kumpelekea Bibi kikombe kwa siri, mbele ya wifi yake, ingekuwa ni kukiri. Kiburi ndicho kilichomfanya mwaminifu siku ile, wala hakuna kingine.

Akapika. Maharage aliyachemsha hadi yakalainika, akakaanga vitunguu juu juu kama siku zote, akatia nyanya, akatia chumvi. Mkono wake wa kulia ukaenda wenyewe nyuma ya jiko na upawa, ukakuta hewa. Akajifanya alikuwa anafukuza nzi. Kwenye wali ukaenda tena. Kwenye mchicha ukaenda mara ya tatu, na katibu, aliyekuwa akifuma kwenye kona yake, akainua macho kidogo na kuyashusha.

Akaonja maharage. Akaongeza chumvi, akaonja, akaongeza pilipili, akaonja tena. Yalikuwa maharage yaliyochemshwa, basi. Hayakuwa mabaya kiasi cha kumwagwa wala mazuri kiasi cha kukumbukwa. Yalikaa tu mdomoni yakisubiri kumezwa. Kijasho chembamba kikamtoka, akasema moyoni ni joto la jiko.

Katibu alikohoa. Alisema kwa sauti ya chini, ile ya wakunga, kwamba yeye nyumbani kwake huvikaanga vitunguu hadi vinakuwa rangi ya kahawa kabisa, kisha anatia karanga za kusaga mwishoni, na maharage yanakuwa mazito yenye utamu wake. Karanga mwenyewe alikuwa nazo kwenye mkoba, kama mama angependa.

"Mama," Kamanda alisema, "mimi nilikuwa napikia watu hapa wakati wewe bado unakata vitovu."

Katibu alitabasamu, akarudi kwenye kufuma. Karanga zikabaki mkobani.

Moyoni Kamanda alijituliza. Watu wanaokula majani wanajua nini kuhusu ladha? Mtu aliyejinyima mwenyewe kila kitu kitamu, umpe maji ya moto atasema ni supu. Alirudia maneno hayo huku akifunika masufuria, na kila aliporudia aliyaamini kidogo zaidi.

Saa saba walifika. Kamanda alikuwa ametarajia kundi la watu waliokonda wenye macho makubwa, akaona watu tu: walimu wawili, fundi cherehani mnene, mzee mwenye fimbo, mume na mke waliooana juzi wakiibiana biskuti. Tangu alfajiri walikuwa wamekula biskuti tu. Mbele yao alitembea Bwana Sungura, shati limepigwa pasi, anawaonyesha pa kunawa, anawavutia viti, anawaambia subirini, subirini tu. Alikuwa na furaha ya baba anayeoza binti. Alipopita dirishani alimwinamia Kamanda kichwa, na Kamanda akamrudishia tabasamu lake la Jumanne.

Wifi akapeleka sahani, na wakala. Na Kamanda, akichungulia dirishani, aliona kitu kilichomjaza kifua: walikuwa wanapenda. Fundi cherehani aliomba nyongeza. Mzee alisema ni vizuri kula kitu cha moto bila kukikagua kwa kijiko kwanza. Watu wale walikuwa wamezoea kupewa wali mtupu na pole, kwao chakula chenye joto ambacho hakina mtego kilikuwa karamu. Tajiri alizunguka kati ya meza akisugua viganja, na mara moja alimwangalia Kamanda na kutikisa kichwa juu chini. Jiko lenye vigae likawa lake pale pale. Sungura ni sungura tu, Kamanda alijiambia, si nilisema?

Kisha jicho lake likaenda kwa fundi.

Alikuwa ametia kijiko cha kwanza mdomoni, akatafuna, akasimama kutafuna. Aliangalia sahani. Akachota wali peke yake, akaonja. Akachota mchicha peke yake, akaonja. Alifanya hivyo kwa utulivu wa kazi yake, waya mmoja baada ya mwingine, hadi ajue ni wapi palipokatika. Mwalimu aliyekaa naye alimuuliza ndiyo yale maharage? Maana ni mazuri, alisema, lakini fundi ametia chumvi sana kwenye hadithi. Wenzake wakacheka. Fundi akacheka nao kwa midomo. Kisha akainua uso, akatazama kupitia mlango wa nyuma uliokuwa wazi, hadi uani, kwenye tangi la maji. Sufuria kubwa jeusi, lile alilozoea kuliona nyuma ya jiko kupitia dirishani, lilikuwa pale, limefunikwa, na paka wawili wamekaa kando yake wanalingoja.

Alilitazama muda mrefu. Halafu akashika kijiko chake tena, akala. Alikula wali wote, mchicha wote, maharage yote, hadi sahani ikabaki nyeupe. Akainuka, akaja nayo mwenyewe jikoni. Wifi alipomwona uso alichukua ndoo ambayo haikuwa na kazi, akatoka nje.

"Dada," fundi alisema, "chakula cha leo ni kibaya."

Kamanda alikuwa na majibu ya mtu kama huyo, alikuwa nayo ya kugawa. "Wenzako hao wanaomba nyongeza," alisema.

"Wenzangu hawajawahi kula hapa."

Hapo angeweza kusema mengi. Angeweza kusema amebadilisha duka la maharage, au mkono unauma, au moto ulikuwa mbaya. Lakini fundi alikuwa amesimama tu na sahani yake, hajakunja uso, anasubiri kama alivyosubiri siku ile ya kwanza dirishani, na kusubiri kule kulimtia Kamanda hasira kuliko tusi.

"Ni mifupa tu," alisema. "Miaka miwili umekula, umekufa? Hata tumbo halikukuuma."

"Halikuniuma," fundi alikubali. Aliiweka sahani kwenye beseni la vyombo taratibu, isigonge. "Hiki cha leo nimekimaliza chote kwa sababu ndicho cha kwanza ulichonipikia."

Kamanda akauliza tu kama atawaambia wenzake.

"Katibu ameniuliza kama chakula cha leo ni safi. Nimemwambia ni safi," alisema fundi. "Sikudanganya."

Akatoka. Sauti yake ikasikika mezani akiwahimiza wenzake wasichelewe basi, akimtania mzee na fimbo yake. Katibu aliandika kwenye daftari lake, akampa tajiri mkono, akaja kumpa Kamanda mkono pia. Jioni Bibi alirudishwa mahali pake, maana wateja wa basi la saa kumi na mbili walikuwa wanakuja, na kabla ya giza mji mzima ulikuwa umesikia kwamba jiko jipya limepata mwenyewe. Muuza nyama alituma salamu. Kwa mara ya kwanza Kamanda hakucheka, akasema yule mtu ana mdomo mchafu.

Zilipita wiki tatu na siku kadhaa. Hoteli mpya ilikuwa bado inapakwa rangi. Kamanda alijisemea fundi hatapita tena, atatafuta barabara nyingine, na ndivyo vizuri. Hata hivyo Jumanne ya kwanza ilipofika alikuwa amekwisha kununua kisufuria kipya, cha saizi ya mtu mmoja, na karanga. Alimwambia wifi ni za nyumbani. Wifi hakuuliza. Alikaanga vitunguu peke yake asubuhi ile, akisimama mbali na nyuma ya jiko, hadi vikawa rangi ya kahawa. Vya kwanza viliungua, akavimwaga. Vya pili vikakubali. Alitia maharage, akatia karanga kidogo kidogo akikoroga, akaonja. Akakaa kwenye kigoda, akaonja tena, maana hakujiamini. Yalikuwa matamu. Hayakuwa matamu ya Bibi, yalikuwa ya aina nyingine ambayo hakuijua, na mle ndani hamkuwa na mtu mwingine ila yeye.

Saa sita fundi aliingia na mkoba wake wa spana. Alisalimia kila mtu. Alikaa kwenye meza ile ile, na wifi alipokwenda kumsikiliza alirudi mikono mitupu. Alisema fundi ameomba chupa ya maji isiyofunguliwa, na ndizi mbili zenye maganda yake.

Kamanda alipakua mwenyewe. Alifuta ukingo wa sahani kwa kitambaa safi, akavua aproni, akapita kwenye mlango ambao kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa haupiti na sahani ya mteja. Watu wa meza nyingine waligeuka kumwangalia. Akaiweka mbele ya fundi. Mvuke ulikuwa bado unapanda.

"Safi," alisema. "Hakuna kitu humo. Naapa."

Fundi alikuwa amekwisha kula ndizi moja. Aliyatazama maharage, na Kamanda aliona pua yake ikiyasikia, aliona koo likimeza mate. Kisha akamwangalia yeye. Kamanda aliitafuta dharau kwenye uso ule, aliitafuta sana, maana angeikuta angejua la kufanya nayo, dharau ilikuwa lugha yake. Hakuikuta. Kulikuwa na adabu tu, ile ya siku ya kwanza, ya mtu aliye kwenye hoteli asiyoijua.

"Asante, dada," alisema. "Nimeshiba."

Akachukua ndizi ya pili, akaanza kuimenya.